Risiva au amplifaya: nichukue ipi kwa spika mbili?

Wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Marehemu baba aliniachia spika mbili za mbao, nyuma zimeandikwa 8 ohm. Nataka zilie tena sebuleni: TV, muziki wa simu na redio ya FM. Kariakoo nimeoneshwa mashine mbili za mtumba kutoka Japani, moja amplifaya, nyingine risiva, na risiva imezidi elfu 90. Risiva ninayoijua mimi ni ya dishi. Tofauti ni nini?

Fundi Solda: Ya dishi weka pembeni mkuu, jina tu limefanana. Amplifaya inachukua sauti ndogo ya simu au TV na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Risiva ni amplifaya hiyohiyo, ila imetiwa na redio ndani ya kasha moja. Itazame nyuma utaona pa kufungia waya wa antena. Zile za sinema huongeza HDMI na kugawa sauti kwenye spika tano na sabufa. Kwa spika mbili hizo hazikuhusu.

Mama Besi: Si anataka FM? Achukue risiva.

Mtu wa Tegeta: Dada, hapo atapigwa. FM ya Japani inaanzia 76, na mashine nyingi za zamani zinaishia 90, sawa na redio za magari yanayotoka huko. Stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Aiwashe dukani, azungushe mshale mpaka mwisho, asome namba.

Fundi Solda: Kweli kabisa. Halafu soma lebo pale waya wa umeme unapoingilia. Ikiwa AC 100V, tafadhali usichomeke ukutani, kwetu ni 230. Nunua transfoma ya kushusha mpaka 100. Zinaletwa kwangu nyingi zilizoungua hivyo, ukilegeza skrubu tu harufu ya vanishi inakupokea. Inauma, maana zilikuwa nzima.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Nimerudi dukani: zote mbili 100V, na mshale umegota 90. Nimechukua amplifaya na transfoma, FM naisikiliza kwa simu kupitia waya. Jana usiku zimelia, mama akatoka jikoni kuja kusikiliza. Ila moja inakoroma kwenye besi, mpira unaozunguka karatasi ya spika umechanika. Unabadilishwa?

Fundi Solda: Unabadilishwa, usitupe spika. Punguza besi kwa sasa, pima upana wake, uniandikie hapa.