Tuandikeje habari za watu mashuhuri waliobadili jinsia bila kuwavunjia heshima?

MhaririWaKampemba aliuliza:

Nawasalimu nyote. Ninasimamia ukurasa wa habari za wasanii na wanamichezo hapa Lubumbashi, na baadhi ya habari zetu husomwa jioni kwa Kiswahili katika redio ya mtaa. Nyingi tunazitoa katika vyombo vya Kifaransa, kisha vijana wetu wanazifasiri. Juzi kijana mmoja aliniletea habari ya Elliot Page, mwigizaji wa Kanada ambaye tarehe 1 Desemba 2020 alitangaza kwamba yeye ni mtu aliyebadili jinsia na kwamba jina lake ni Elliot. Habari yenyewe ilihusu kazi yake ya uigizaji. Katika rasimu niliyopewa, kazi hiyo ilikuwa imebakiwa na mstari mmoja chini kabisa. Juu palikuwa na kichwa cha herufi kubwa, "Yule mwanamke aliyejigeuza mwanaume", likafuata jina la zamani mara nne, pamoja na picha mbili zilizounganishwa, ya zamani na ya sasa, na mshale mwekundu ulioelekezwa kifuani.

Niliirudisha. Kijana hakukasirika, ila aliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka: "Papa, sasa niandike nini ili mtu wa mtaani Katuba anielewe?" Mwenzake akashauri tuache kabisa habari za watu wa aina hiyo, kwa kuwa kila tukizichapisha, maoni yanajaa matusi hadi usiku. Mimi naona kunyamaza si jibu, kwa sababu wasomaji wetu watazipata habari hizo kwingine zikiwa zimeandikwa vibaya zaidi. Naomba msaada wa wenye uzoefu: tutumie jina lipi, tumweleze mtu kwa maneno gani, na mipaka yetu iwe wapi?

MzeeWaRedio (Kamalondo) alijibu:

Papa Mhariri, ulifanya vema kuirudisha, na swali la kijana wako ni zuri kuliko rasimu yake. Nimesoma habari redioni kwa miaka mingi, nami huanza kwa kujiuliza mtu huyu ameingia katika habari kwa sababu gani. Kama ameingia kwa filamu, andika filamu. Kama ameingia kwa sababu yeye mwenyewe ametangaza kubadili jinsia, basi hiyo ndiyo habari, na maneno yake mwenyewe ndiyo yatangulie. Mengine yote, kama hospitali aliyokwenda, dawa anazotumia na jinsi mwili wake ulivyo chini ya nguo, hatumuulizi mwigizaji mwingine yeyote, na hatuna haki ya kumuuliza huyu.

Jina ni lile analolitumia sasa. Shirika la habari la AP limeweka katika kanuni zake kwamba jina la zamani hutajwa pale tu linapohitajika ili habari ieleweke. Mfano wa pale linapohitajika ni Caitlyn Jenner. Alishinda medali ya dhahabu ya dekathloni, yaani michezo kumi ya riadha, katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, na kumbukumbu za wakati ule zina jina la Bruce. Mwaka 2015 akajitangaza kuwa mwanamke. Mzee wa rika langu aliyeifuata michezo ile hatajua unamzungumzia nani usipomkumbusha. Basi unaandika mara moja, "aliyejulikana wakati huo kwa jina la Bruce", kisha unaendelea na Caitlyn hadi mwisho. Kwa Page hakuna haja hiyo hata kidogo. Aliteuliwa kuwania tuzo ya filamu ya Oscar mwaka 2008, sura yake inajulikana, na Netflix yenyewe ilibadili jina lake katika orodha za waigizaji mara tu alipojitangaza.

Kuhusu maneno, Kiswahili kimetupunguzia mzigo ambao waandishi wa Kifaransa wanaubeba, kwa kuwa "amecheza" na "amesema" hayamgawi mtu kuwa mume au mke. Hatari yetu sisi iko katika kuchagua kitenzi. "Alijigeuza" tunalitumia kwa mchawi anayejigeuza fisi. "Alijifanya" ni la mwongo, "alikiri" ni la mtuhumiwa mbele ya hakimu, na "alinaswa" ni la mwizi. Mwambie kijana aandike "alitangaza", "alieleza", "anaishi kama mwanamume". Mtu wa Katuba ataelewa vizuri ukimwambia kwamba Page aliandikishwa kuwa msichana alipozaliwa na kwamba sasa anaishi kama mwanamume. Sentensi hiyo moja inatosha kwa habari nzima, tena si lazima iwe ya kwanza. Na mshale ule mwekundu uondoke kabla hatujagusa neno lolote.

MwanakwayaWaRuashi alijibu:

Ndugu zangu, nawasoma kwa heshima, lakini jambo hili linanilemea. Mimi ni mtu wa kanisa, na pia huwa nasoma matangazo redioni. Naamini kwamba Mungu aliumba mwanamume na mwanamke, na hata Katiba yetu ya Kongo katika ibara ya 40 inataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Nikisoma mbele ya kipaza sauti kwamba fulani ni mwanamume, wakati moyoni siamini hivyo, je, sijalazimishwa kushuhudia nisichokiamini? Tena watoto wanasikiliza. Sitaki mtu yeyote atukanwe wala apigwe, na anayetoka ibadani akaenda kumtukana mtu barabarani anatutia aibu sisi sote tunaoimba naye. Ila naogopa kwamba kinachoitwa heshima hapa ni kutakiwa kukubali.

MwanafunziWaSheria (Lubumbashi) alijibu:

Ndugu Mwanakwaya, nashukuru kwamba umelisema wazi, kwa sababu wengi wana hofu hiyo hiyo na badala ya kuisema wanatukana. Ibara ya 40 inahusu ndoa, na habari ya mwigizaji aliyecheza filamu haimwozi mtu. Katiba hiyo hiyo ya mwaka 2006, katika ibara ya 11, inasema kwamba binadamu wote huzaliwa huru na sawa katika utu na haki, na ibara ya 31 inalinda maisha ya faragha ya kila mtu. Sioni mahali ilipoandikwa kwamba mtu mashuhuri, au mtu tusiyemwelewa, anatolewa humo.

Kuhusu kushuhudia, fikiria kazi yako ya kila siku. Katika mji huu tunasoma matangazo ya watu waliojipa vyeo vya nabii, mtume na askofu mkuu, nasi tunawaita wanavyojiita, wala hakuna msikilizaji anayedhani kwamba msomaji wa matangazo amekuwa muumini wao. Imani yako ina mahali pake pa kusemwa, na hakuna anayekuzuia. Anayesoma habari anamjulisha msikilizaji ni nani aliyefanya nini.

Tena maneno haya yana uzito mkubwa kwa wanaotajwa. Wengi wetu tulimfahamu Shakiro wa Kamerun, mwanamke aliyebadili jinsia, kupitia Facebook, ambako alikuwa na wafuasi wengi. Februari 2021 alikamatwa Douala pamoja na mwenzake wakiwa mkahawani, na Mei mwaka huo wakahukumiwa kifungo cha miaka 5 chini ya sheria inayoadhibu mapenzi ya jinsia moja, ingawa wote wawili wanajitambulisha kuwa wanawake. Julai waliachiwa wakisubiri rufaa, na Agosti kundi la watu likawashambulia na kuwapiga vibaya. Nakumbuka jinsi habari zao zilivyosambazwa katika simu zetu hapa, zikiwa na majina ya zamani, picha za mwili na vicheko, kana kwamba kipigo kile kilikuwa sehemu ya burudani. Waliokuwa wakicheka walijifunza kucheka katika kurasa kama zile ambazo Papa Mhariri anakataa kuziandika, na ndiyo maana ninaona uamuzi wake una maana kuliko anavyodhani.

Kenya, kwa upande mwingine, Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2014 kwamba Baraza la Mitihani libadili jina la Audrey Mbugua katika cheti chake cha sekondari na kukiacha bila alama ya jinsia. Hakimu hakusubiri kwanza Wakenya wote wakubaliane naye. Na wale wanaoandika katika maoni kwamba watu hawa ni wendawazimu, wajue kwamba Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, liliondoa suala hili katika kundi la magonjwa ya akili.

MamaWaKatuba alijibu:

Mimi si mwandishi wa habari. Ni mama wa msichana anayecheza mpira, na kwa kuwa mtaa wangu umetajwa, naomba niseme. Mnaongea kana kwamba jambo hili linawagusa walioko Kanada na Kamerun tu. Barbra Banda ni mwanasoka wa Zambia, hapo ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Yeye hakubadili jinsia. Alizaliwa msichana na akakua msichana. Katika Olimpiki ya Tokyo alifunga mabao matatu katika kila moja ya mechi mbili mfululizo, dhidi ya Uholanzi na dhidi ya China. Mwaka 2022 aliachwa nje ya Kombe la Afrika la wanawake kwa sababu ya vipimo vya homoni, na Novemba 2024 BBC ilipomtangaza kuwa mwanasoka bora wa kike, matusi yakamwagika kwamba ni mwanamume. Miezi michache kabla ya hapo, Imane Khelif wa Algeria alikuwa ameshinda dhahabu ya ndondi Paris huku akiitwa majina hayo hayo, ingawa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza waziwazi kwamba alizaliwa na kuandikishwa kuwa msichana.

Novemba ile ile timu ya wanawake ya Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika kule Morocco, na wasichana wetu wakatembea vifua mbele. Siku chache baadaye nilisimama na binti yangu penye kibanda cha kuuzia vocha, naye akiwa na viatu vyake vya mpira mkononi. Wanaume watatu walikuwa wameinamia simu moja. Mmoja aliikuza picha ya Banda kwa vidole viwili, akaanza na shingo, akashuka mabegani, akashuka mapajani, akiwaambia wenzake, "Angalieni hapa, mwanamke gani huyu?" Binti yangu alikuwa anawatazama. Jumamosi iliyofuata, uwanjani, vijana walioketi pembeni waliwapigia kelele wasichana wenye nywele fupi wavue jezi wathibitishe. Hao ni watoto wa miaka 14.

Kwa hiyo, Papa Mhariri, mimi naomba zaidi ya jina na kitenzi. Naomba msiandike kamwe "inasemekana ni mwanamume" juu ya mtu yeyote, awe amebadili jinsia au hajabadili. Mkiwazoesha watu kukagua mwili wa mwanamke mmoja mashuhuri, watakuja kukagua na ya watoto wetu. Na mkitaka kumtetea Banda, msimtetee kwa kuwatukana waliobadili jinsia, kwa sababu nimeona hilo pia, mtu anaandika kwamba Banda si "takataka kama wale". Utetezi wa namna hiyo siutaki kwa binti yangu.

MwanakwayaWaRuashi alijibu:

Mama, nimekusoma mara mbili, na pole kwa binti. Sijabadili imani yangu, lakini nakubali kwamba ninaposoma tangazo la nabii nisiyemwamini sijawahi kulalamika kuhusu dhamiri yangu. Habari ya Page nikipewa nitaisoma kwa jina lake. Swali langu la watoto bado liko.

MzeeWaRedio alijibu:

Ndugu Mwanakwaya, wajukuu wangu waliniuliza kuhusu Page kabla hujaniuliza wewe. Niliwaambia kwamba kuna watu wachache ambao tangu utotoni wanajiona tofauti na walivyoandikishwa, na kwamba mtu huyo huitwa jina lake kama wao wanavyoitwa majina yao. Wakauliza kama amecheza filamu nyingine. Kichwa cha habari cha yule kijana kingeniwia vigumu zaidi kuwaeleza.

MhaririWaKampemba alijibu:

Nawashukuru sana, na wewe Mama wa Katuba hasa. Nimekaa na kijana, na rasimu mpya inaanza hivi: "Elliot Page, mwigizaji wa Kanada aliyewahi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, ameigiza na kushiriki kutayarisha filamu iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2023." Kubadili jinsia kumekuja katika aya ya tatu, kwa sentensi moja, kwa sababu filamu yenyewe inagusa jambo hilo. Picha ni moja, ya sasa. Maoni ya kutukana tutayafuta, na kijana amekubali kuyasimamia jioni.

Limebaki jambo jingine. Tangu asubuhi tumetumiwa na watu kadhaa picha ya mwimbaji mmoja wa hapa mjini, akiwa amevaa gauni, pamoja na jina la barabara anayoishi, wakituhimiza tuitoe haraka kabla ya wengine.

MwanafunziWaSheria alijibu:

Msiitoe, wala msiitume kwa mtu mwingine hata kwa nia ya kuuliza. Page alijitangaza mwenyewe. Huyu hajasema neno. Msiandike hata "mwimbaji mmoja maarufu wa komine fulani", maana mji huu ni mdogo na watu watamjua kabla ya jua kuzama. Ikiwa kuna mwenzenu anayemfahamu kwa karibu, ampigie simu leo, amwambie kwamba picha inazunguka na kwamba anuani yake imeandikwa chini yake, ili aamue mwenyewe pa kulala usiku huu.

MhaririWaKampemba alijibu:

Mpiga gitaa wake anafanya kazi na sisi. Amekwisha kupiga simu, na picha tumeifuta katika simu zote za timu.