Tuktuk ya umeme ya mzigo inakataa mlima Kangemi, nibadilishe kontrola ama niongeze betri?

Maji_Mlangoni:
Wasee habari za jioni. Niko na ile tuktuk ya mzigo ya umeme, ile ya keria wazi nyuma. Mota wati 1000, betri tano za asidi za volti 12, kila moja 32Ah (ampia-saa, yaani ujazo wake), jumla volti 60. Kwa tambarare sina neno, pale kando ya Waiyaki Way inafika 35 kwa saa. Shida ni ule mlima wa kutoka mtoni kuja juu stejini. Nikianza kupanda saa ya volti inasoma 62, nikikaza moto (akselereta) inashuka 58, inashuka 55, ikigonga 52 kila kitu inazima hapo hapo katikati ya mlima. Siku ikiwa nzuri inapanda na kilomita 12 hivi ama 15 kwa saa lakini inanguruma hadi watu wanageuka. Siku tatu silali vizuri. Swali langu ni moja tu, nitoe hii kontrola (kile kisanduku kinachopimia mota stima) ya ampia 35 niweke ya 60, ama niongeze betri ya sita iwe volti 72? Kesho asubuhi niko Luthuli kununua, naombeni majibu usiku huu.

KijanaWaKinoo:
Uza hiyo kitu ununue ya petroli. Mafundi wako kila kona, spea ziko Kirinyaga Road, yaani ikikufia unarekebishwa barabarani.

Boda_Mstaafu:
Kijana wa Kinoo usimdanganye. Mi nimebeba kabichi kutoka Limuru kuja Marikiti miaka tisa na pikipiki ya petroli. Kule juu Limuru, zaidi ya mita 2,200, hewa ni nyepesi na injini inakosa pumzi, ukiwasha asubuhi na baridi ile unakanyaga kiki hadi goti linalia. Mota ya umeme haipumui hewa, iko sawa Mombasa na iko sawa Limuru. Siku moja nilikuwa na magunia matatu, mvua imenyesha, nikakwama hapo karibu na Rironi kutoka saa tisa usiku hadi kumekucha, bibi yangu akadhani nimeibiwa. Umeme ungekuwepo enzi zetu ningekuwa bado niko barabarani.

Stima_Nafuu:
Mimi ningekuuliza kwanza unachaji wapi. Tangu 2023 kuna bei maalum ya stima kwa vyombo vya umeme, na saa za usiku inashuka zaidi. Wengi hawajui wanachaji kwa bei ya nyumba.

Maji_Mlangoni:
Asante lakini bei ya stima haipandishi mlima. Niambieni kontrola ama betri.

Mzee_wa_Waya:
Kijana, pole pole. Kabla ununue kitu nijibu mambo matatu. Unabeba kilo ngapi? Betri ziko na umri gani? Na mota iko ndani ya gurudumu ama imefungwa kwa difu, lile sanduku la gia la ekseli huko nyuma?

Wakati unatafuta majibu, shika hii: volti ni mbio, ampia ni nguvu. Mlima hauulizi mbio. Ukiweka volti 72 utaenda kasi zaidi pale tambarare, lakini nguvu ya kusukuma kutoka chini inatokana na ampia zinazopita kwa nyaya za mota. Na betri sita zikijaa zinapita volti 76, fungua hiyo kontrola uangalie kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi stima, zimeandikwa volti ngapi kabla hujasikia mlio zikipasuka.

Kuhusu ampia 60. Joto linaenda na ampia kuzidisha kwa ampia, ukitoka 35 kwenda 60 joto la nyaya linakuwa karibu mara tatu. Na hizo betri za 32Ah ukizinyonya ampia 60 hata dakika 20 hazifiki. Ile 52 unaona ndio kontrola inakata ili betri zisiuawe kabisa, 10.5 kwa kila moja mara tano. Hiyo si kasoro, inakulinda.

Maji_Mlangoni:
Shukran mzee wangu. Mzigo ni wa kawaida tu. Betri ni zile ilikuja nazo.

DadaWaUthiru:
Kawaida ni ngapi? Maji ni kilo moja kwa lita moja, hapo huwezi kutuficha, na jina lako ni Maji Mlangoni. Mitungi mingapi?

Maji_Mlangoni:
Mitungi ishirini. Ya lita 20.

DadaWaUthiru:
Hiyo ni kilo 400 bila plastiki na bila wewe! Na hicho chombo kimeandikwa kinabeba ngapi?

Maji_Mlangoni:
300. Lakini kila mtu huku anapitisha, kuna jamaa wa upande wa pili anapiga 25 na hajawahi kulala njiani.

MamaBarua:
Mwanangu, mimi ni mama ya watoto watano na nimeuza mboga Kawangware tangu hujazaliwa. Kitu kinaandikwa 300 kwa sababu kuna mtu alikaa akapima. Beba kumi, urudi, ubebe kumi. Haraka ndio imewamaliza watoto wetu, kila mtu anataka mzigo wa siku mbili abebe na safari moja. Umekula leo?

Maji_Mlangoni:
Nimekula mama, asante. Lakini elewa biashara ya maji, wateja wanataka kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, baada ya hapo wametoka kwenda kazi na mlango umefungwa. Nikibeba kumi kumi namaliza saa tano, na mwenye mkokoteni ashaanza kuwachukua wateja wangu. Halafu niseme ukweli, ile kontrola ya 60 nishaiwekea dipoziti ya 6,000. Fundi wa huko alinihakikishia itapanda kama mbuzi. Nilitaka tu kusikia kama kuna mtu ashajaribu.

Mzee_wa_Waya:
Kumbe ulikuwa umeamua, ulitaka tukupigie makofi. Sijakasirika, lakini bado hujanijibu mota iko wapi.

HesabuTu:
Samahani naingilia. Nimekaa na kalamu na kuna kitu hakikubali. Ule mlima naujua, nimeweka simu chini barabarani pale kwenye kona, ilisoma digrii 7. Tuktuk yenyewe na betri tuseme kilo 230, dereva 70, maji 400, jumla 700. Kuinua kilo 700 kwa digrii 7, ongeza msuguano wa tairi kwa ile lami mbovu, unahitaji msukumo wa kama niutoni 970. Ukipanda na 15 kwa saa hiyo ni wati 4,000 kwenye gurudumu. Kontrola yako ni ampia 35, na volti zimeshuka 52, ukizidisha unapata 1,820. Hata mota isipoteze chochote, na mota yoyote kwa mlima inapoteza, haiwezi kupita kilomita 7 kwa saa. Umesema 12 hadi 15. Nguvu ingine inatoka wapi?

Mimi naona hii stori ni ya kutunga. Mtu anakuja na mlima, na bei ya dipoziti, na mwisho tutaambiwa kontrola imefanya miujiza na namba ya simu iko hapo chini. Tumeziona nyingi.

KijanaWaKinoo:
Nilihisi! Siku tatu halali lakini swali limepangwa vizuri hivyo.

Boda_Mstaafu:
Weka picha ya hiyo tuktuk na gazeti la leo kando.

Stima_Nafuu:
Na account ni ya wiki mbili. Mi najitoa.

DadaWaUthiru:
Mwacheni ajibu jamani. Maji_Mlangoni, uko?

Maji_Mlangoni:
Niko. Nimewasoma usiku nikazima simu. Saa hii ni saa kumi na moja asubuhi na sijaenda kisimani, acha niseme tu.

Siuzi kontrola. HesabuTu uko sawa, haipandi yenyewe. Kuna vijana wawili wananisubiri pale chini, nawapa hamsini hamsini, wanasukuma hadi juu wakikimbia. Mmoja ni mdogo wangu, yuko Form 3, alikuwa likizo. Jumamosi ilikata stima pale kwenye kona, ile sekunde moja ilisimama halafu ikaanza kurudi nyuma na mitungi yote, nikakanyaga breki ikashika kidogo ikaachilia. Yule mwingine aliruka. Mdogo wangu alikuwa bado anasukuma, alidhani anaweza kuizuia. Ilimbana mguu kwa ukuta. Ameshonwa nyuzi sita, mfupa uko sawa, daktari alisema hivyo.

Na tuktuk si yangu. Ni ya chama cha mama yangu, wamama kumi na mmoja, wananikodisha na kila Ijumaa napeleka pesa. Nimemwambia mama kwamba alianguka na mpira. Ndio maana nataka ipande yenyewe, sitaki mtu yeyote nyuma yake tena, na sikutaka kuandika hii yote hapa.

HesabuTu:
Ndugu yangu naomba radhi. Kwa kweli. Hesabu sasa zinakaribiana, vijana wawili wakikimbia wanasukuma sana kwa muda mfupi, na ndio walikuwa wanajaza sehemu kubwa ya pengo. Pole kwa mdogo wako.

MamaBarua:
Pole mwanangu. Huyo mtoto yuko wapi sasa? Anakunywa dawa zake?

Maji_Mlangoni:
Yuko nyumbani mama, anakunywa. Anatembea na fimbo.

Mzee_wa_Waya:
Sasa tumefika. Kijana, skia vizuri.

Moja, wacha kila mtu aliye nyuma ya chombo kwa mlima atoke, kuanzia leo. Mota ya umeme ikikosa stima haishiki chochote, injini ya petroli ukiiacha kwa gia inashika kidogo lakini hii inaachilia kama mkokoteni. Breki za nyuma zifunguliwe, naona lini (zile pedi za ndani) zimeisha ama zina grisi, na hendibreki ikazwe. Chonga vipande viwili vya mbao pembetatu vya kuzuia magurudumu, uweke chini ya kiti kila siku. Kama breki haishikilii kilo 700, kontrola kubwa inakufikisha juu zaidi ili uanguke kutoka juu zaidi.

Mbili, nijibu sasa. Kama mota iko kwa difu, inama uangalie. Hizi tuktuk nyingi za Uchina zina gia mbili kwa difu, ya kawaida na ya mlima. Kuna mkono mdogo kando ya kiti ama chini yake, unavutwa. Umewahi kuuona?

Maji_Mlangoni:
Kuna chuma hapo chini ya kiti inacheza cheza tu. Aliyetuuzia alisema ni ya nini... nadhani alisema ni ya kufungia keria. Nimekuwa nikiweka kofia hapo.

Mzee_wa_Waya:
Fuata waya wake hadi nyuma.

KijanaWaKinoo:
Mzee samahani, nikuulize hapo hapo kabla hujaondoka. Nina baiskeli ya umeme, mota iko ndani ya gurudumu la nyuma, hiyo nayo haina hiyo gia? Ju Lower Kabete inaniua.

Mzee_wa_Waya:
Haina. Hiyo imefungwa na gurudumu, ikizunguka pole pole kwa mlima inakula ampia na kutoa moto badala ya nguvu. Dawa yako ni gurudumu dogo zaidi, ama mota ya katikati inayovuta kwa mnyororo, ama miguu yako. Na usikaze moto ukiwa umekaribia kusimama, ndivyo watu wanayeyusha sensa za ndani.

KijanaWaKinoo:
Kumbe ndio ile harufu.

Maji_Mlangoni:
Nimerudi. Ni Jumapili, nimetoka karakana. Waya ilikuwa imekatika karibu na difu na pale kwa mkono wa gia ilikuwa imejaa matope yamekauka kama simiti. Tumeosha na mafuta taa, fundi akaweka waya ya breki ya boda, 150 tu. Lini za breki kweli zilikuwa zimelowa grisi, tumeweka mpya.

Nimeenda mlimani saa nne barabara ikiwa tupu, mitungi kumi, hakuna mtu nyuma, fundi kando na mbao mkononi. Ilipanda. Pole pole, kama mtu anatembea kwa haraka, lakini sauti ilikuwa ingine kabisa, ile ngurumo haikuwepo, mota inazunguka kwa raha. Volti zilishuka hadi 56 na hazikukata. Nilisimama makusudi pale kwenye kona nikashika breki nikahesabu hadi thelathini. Haikusonga.

Na kumi na tano tulijaribu pia, ilifika juu lakini nikashika mota mkono ukakataa kukaa. Basi nimeamua kumi na mbili. Yule wa kontrola amekataa kurudisha dipoziti, anasema nichukue kitu kingine cha hiyo bei.

Mzee_wa_Waya:
Chukua chaja nzuri, ama waya nene za betri kama anazo. Na betri zako pima moja moja ukiwa umebeba, naona kuna moja inawaangusha wenzake.

HesabuTu:
Kumi na mbili kwa safari ni sawa. Ukitaka nitakupigia hesabu ya njia ya kuzungukia kule juu, ni ndefu lakini mteremko wake ni nusu.

MamaBarua:
Na mama yako umemwambia?

Maji_Mlangoni:
Bado.

MamaBarua:
Mwambie leo. Usingoje Ijumaa akiwa na wenzake wa chama.

Maji_Mlangoni:
Ametoka kanisani sasa hivi, yuko hapa jikoni anamkatia mdogo wangu viazi. Wacha niweke simu chini.