Paketi ya MSI (faili ya kuinstoli programu kwenye Windows) kwa mkono inakubali, ikitumwa kwenye mashine zote inagoma na kosa 1603

mzee_wa_logi2
Wakuu habari za saa hizi. Nimetengeneza paketi ya MSI ya programu yetu ya ndani kwa kutumia WiX (zana ya kutengenezea MSI), kwenye mashine yangu nikiibonyeza mara mbili inaingia safi hata dakika haiishi, sasa nimeituma kupitia Group Policy (njia ya Windows ya kusukuma programu na mipangilio kwenye kompyuta za ofisi) kwenye kompyuta kama 40 hivi na zote zinarudisha 1603. Nimeijenga upya mara tatu, wapi. Wakati wa kuinstoli inachukua faili ya leseni kutoka Z:\leseni (Z ni folda ya seva iliyounganishwa kama diski), sijui kama inahusika.

kodi_moto
1603 peke yake haikwambii kitu mkuu, ni sawa na mtu aseme "naumwa" halafu anyamaze. Chukua mashine moja uwashe logi (rekodi ya kila hatua ya kuinstoli):

msiexec /i programu.msi /qn /l*v C:\Temp\logi.txt

Halafu tafuta "Return value 3". Usiisome kuanzia juu utazeeka hapo, ukishaipata panda mistari michache, kosa lenyewe liko hapo hapo.

paketi_bure
Logi sawa ila mchawi ni hiyo Z, umemtaja mwenyewe. Z unayo wewe ukishaingia kwenye akaunti yako, Group Policy inainstoli mashine ikiwaka tu kabla hajaingia mtu yeyote, na inatumia akaunti ya SYSTEM (ya Windows yenyewe, sio ya mtu) ambayo haijui Z ni mdudu gani. Kwa hiyo jaribio lako la kubonyeza mara mbili halikuwa jaribio. Fungua cmd kwa PsExec -s (kizana cha kuendesha amri kama SYSTEM) uendeshe paketi humo ndani, utaiona inagoma mbele ya macho yako.
Ukilazimika kuiacha leseni kwenye seva andika njia kamili \\seva\leseni, na ruhusa ya kusoma wape Domain Computers (kundi la kompyuta za mtandao wa ofisi), maana SYSTEM ikitoka kwenye mtandao inajitambulisha kwa jina la kompyuta, sio lako.

kodi_moto
Mi ningeitia leseni ndani ya paketi yaishe, seva ikilala siku hiyo utafanyaje?

mzee_wa_logi2
Aisee ni Z kweli, logi imesema haioni hiyo njia. Nimeitia ndani, zimekubali zote 🙏 Ila limezuka jingine, nimetuma 1.2.0.5 juu ya 1.2.0.4 na sasa kwenye orodha ya programu zinaonekana zote mbili, ya zamani haijatoka.

paketi_bure
Hahaha hiyo imetunasa wengi, mimi ilinila siku nzima. Windows Installer ikilinganisha matoleo inaangalia namba 3 za kwanza tu, ya 4 haihesabu, kwahiyo kwake hizo mbili ni toleo moja. Nenda 1.2.1, ProductCode (kitambulisho cha toleo hilo) iwe mpya, UpgradeCode (kitambulisho cha programu kwa matoleo yote) USIIGUSE, ukiibadilisha hiyo haitajua kama ni programu ile ile.

mzee_wa_logi2
Na UpgradeCode nilikuwa naibadilisha kila nikijenga 😭 ngoja nikaanze kusafisha