Tupa ndogo zinachora pete ya fedha badala ya kulainisha, tatizo nini?

mpigapete_tanga
Wakuu salaam. Natengeneza pete na hereni za fedha, nina seti ya tupa ndogo zile nyembamba, mwanzoni zilikula vizuri tu ila sasa hivi nikipiga ndani ya pete inaacha mstari mmoja mrefu ambao msasa namba 400 hauutoi hata nifanyeje. Meno nikiyaangalia bado yapo. Halafu huku pwani zinashika kutu haraka sana, kuna mtu kaniambia nizipake mafuta, ni sawa?

Sonara Mstaafu
Mkuu hizo tupa hazijafa. Igeuzegeuze kwenye mwanga utaona kipunje cha fedha kinang'aa kimejibana kati ya meno, hicho ndo kinachochora maana kimetokeza juu kuliko meno yenyewe. Chukua burashi ya waya wa shaba, piga kwa kufuata mfereji wa meno, kikigoma kichokoe na ncha ya kipande cha shaba. Ukimaliza sugua chaki, hii hii ya ubaoni, inajaza mifereji fedha inakosa pa kushika. Na mkono je? Tupa inakata ukisukuma, ukirudi inyanyue, wengi wanaenda mbele nyuma mbele nyuma kama wanasugua sufuria na hapo ndo meno yanapoisha.

BintiMwambao
Mafuta hapana jamani, tupa inateleza na unga wote unaganda humo. Mimi nafuta jasho la mikono kwa kitambaa kikavu kisha kila tupa naiviringishia kitambaa chake. Kuzirundika kwenye kopo moja ndo kuziua, chuma kigumu kwa kigumu zinakatana zenyewe.

fundi_lehemu
Naongezea moja kubwa, tupa iliyogusa madini ya risasi au lehemu ya mafundi redio isiguse fedha kabisa!! Chembe ikibaki kwenye pete halafu ukaipasha moto wa kuunga, risasi inaila fedha unapata vishimo ambavyo havifutiki. Weka seti mbili, moja ipake rangi mkiani. Na unga wa fedha msipulize, tandikeni ngozi chini, pitisha sumaku itoe chembe za chuma kisha utunze wa kuyeyusha.

mpigapete_tanga
Nimemulika na tochi ya simu, kweli kipunje kipo, kwenye ile ya nusu duara! Asanteni sana. Sasa huu mstari uliokwishaingia nautoaje?

Sonara Mstaafu
Msasa peke yake hautoshi. Piga kwanza na tupa ya meno laini, namba 4 hivi, kwa mshazari ukikatisha mstari ili uone unavyopotea, halafu ndo msasa. Tupa ya ndani mgongo wake uwe na mviringo mdogo kuliko wa pete, la sivyo kona zake zitachimba upya, na ukisukuma zungusha kiganja kidogo usiende moja kwa moja.