Gari la maktaba linasukumwa na wanafunzi, ofisi inanunua betri ileile. Hivi kweli?

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo neno likiwa kali mnivumilie.

Mimi ni mhudumu kwenye gari la maktaba, mkoa mmoja wa kanda ya kati. Mkoa siutaji, ofisi siitaji, nina watoto wanaosoma na ada inadaiwa. Gari lenyewe ni kibasi cha dizeli kilichong'olewa viti kikafungwa rafu, taa, feni na kompyuta ya kuandikia wanaoazima. Tunazungukia shule za msingi za vijijini, zile ambazo kitabu cha hadithi kinasomwa na darasa zima mpaka jalada linabanduka.

Leo tena limekataa kuwaka. Ukigeuza funguo unasikia tak-tak-tak, taa za dashibodi zinafifia, stata (mota ya kuzungushia injini iwake) haizunguki. Dereva akaomba msaada, wakatoka watoto wa darasa la sita na la saba kuja kusukuma. Watoto, wakuu! Na sare zao, kwenye vumbi, nyuma ya gari lililojaa vitabu. Likirudi nyuma, au mmoja akijikwaa pale injini inaposhika, nani atasimama mbele ya mzazi wake? Mwalimu mkuu kanicheka tu: "Kijana, nyie mnaleta elimu au mnaleta kazi ya mikono?" Sikuwa na jibu.

Ofisini ukiripoti, jibu la kwanza ni "mmeacha taa." Jibu la pili, baada ya fomu na sahihi za watu ambao hawajawahi kufunua boneti, ni betri mpya: saizi ya N70 ileile, ya bei ya chini kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye orodha. Betri ambayo ingekaa miaka mitatu haimalizi mwaka. Zile zilizokufa zinakwenda wapi siulizi. Risasi, ile metali ya ndani ya betri, ina bei kwa wanunuzi wa chuma chakavu, naishia hapo.

Sasa nifanye hesabu hapa hadharani, maana ofisini hakuna aliyetaka kuisikiliza. Taa, feni, kompyuta na inveta yake (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), pamoja na simu za walimu zinazoomba chaji (hatuwezi kukataa, shule nyingine hazina umeme), tunatumia kama wati 180. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 15. Tukikaa na watoto kwa muda wa saa nne injini imezimwa, tumekula Ah 60 (ampea-saa, yaani ampea mara saa). N70 ina kama Ah 70. Hapo umebakiza nini cha kuzungushia injini ya dizeli?

Na hata hizo 70 si za kuchota hovyo. Betri ya kuwashia gari ina pleti (bamba za risasi) nyembamba nyingi ndani. Kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, stata izunguke, kisha altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, ipokee mzigo. Ukiinyonya mpaka chini mara kwa mara, inakufa haraka. Betri za kubeba taa na feni zipo, ndizo watu wanafunga kwenye sola majumbani, pleti zake nene, na hata hizo wanaojua hawazishushi chini ya nusu. Fundi yeyote wa sola hapa mjini atakueleza hayo akiwa anakunywa chai.

Halafu kuna ugonjwa wa kutojaa. Shule na shule ni mwendo mfupi. Altaneta inatoa volti 13.8 hadi 14.4, sawa, lakini betri ya asidi kama hii yetu ikishuka haijai kwa nusu saa. Ile sehemu ya mwisho ndiyo inayochukua masaa. Kwa hiyo kila siku tunalaza betri yenye njaa, na betri ya asidi ikilala na njaa, chumvi ya risasi inaganda kwenye pleti na kuwa ngumu. Ikishafika hapo hata uichaji usiku kucha, asubuhi volti zinasoma vizuri, ukipiga stata inaanguka. Ongeza joto la huku kwetu, na betri imekaa kando ya injini. Joto nalo linaiua betri haraka.

Juni na Desemba shule zikifungwa ndiyo balaa kabisa. Gari linaegeshwa uani mwezi mzima, hakuna anayeligusa. Lakini kuna kifaa cha kulifuatilia liliko, kimefungwa moja kwa moja kwenye betri. Kikila miliampea 50 tu (ampea 0.05), kwa siku 30 ni Ah 36, nusu ya betri imeondoka gari likiwa limesimama! Nilipendekeza tutoe waya wa hasi likizo ikianza. Nikaambiwa kifaa kikizimika nitaandikiwa barua. Basi sawa, kifaa kinajua gari liko wapi. Liko pale pale, limekufa.

Na karakana tuliyopangiwa? Maji ya betri yakipungua, kijana anamimina asidi. Asidi! Kinachopungua kwenye betri iliyo nzima ni maji, kwa hiyo unarudishia maji ya betri yasiyo na madini (distilled water), basi. Ukiongeza asidi unazitafuna pleti. Vichwa vya betri vimeota ukungu mweupe na kijani, hakuna anayesugua. Maji ya moto kidogo yenye magadi, brashi, kaza nati, paka grisi. Dakika kumi. Tumekuwa tukifanya wenyewe kwa brashi ya nyumbani kwangu.

Ninachodai si gari jipya. Betri ya pili kwa ajili ya taa na feni peke yake, ile ya kuwashia iachwe iwashe gari. Katikati kiwepo kifaa cha kuzitenganisha injini ikizimwa. Kiwepo na kikata-umeme, volti zikishuka taa zizime zenyewe kabla ya msiba. Juu ya paa paneli ya wati 200: kwa saa tano za jua kali la huku, ukitoa upotevu, inarudisha karibu zile Ah 60 tunazokula. Na kipima volti cha kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara, ambacho bei yake ni chipsi mayai mbili tatu. Betri iliyojaa ikitulia inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, zima feni, washa injini. Hicho tu, dereva angekuwa nacho, leo wale watoto wasingesukuma. Ofisi imekataa hata hicho, eti "hakimo kwenye bajeti." Betri za kila mwaka zimo.

Wenzetu Kenya, huko Garissa, mwaka 1996 walianza kupeleka vitabu kwa ngamia. Nilikuwa naona ni mambo ya kuchekesha watalii. Ngamia hana stata bwana.

NYONGEZA: Kwa anayesema "nunueni tu lithiamu": mkuu, betri ya aina hiyo ni nzuri, inavumilia kushushwa na kuchajiwa mara nyingi zaidi, na ni nyepesi. Lakini inataka chaja yake, huwezi kuipachika kwenye altaneta ukaondoka. Kwa karakana yetu hii watamimina na asidi.

NYONGEZA 2: Anayejua namna ya kufunga paneli juu ya paa la kibasi bila kutoboa matundu yatakayovujisha mvua kwenye vitabu, aje hapa na picha. Na kama kuna mtu wa manunuzi humu, aniambie ombi la betri ya pili linaandikwa kwenye kifungu gani ili lisirudishwe tena.