Katuni za siasa: tunachora taifa au tunachora nguo?

kalamu_nyeusi:
Wakuu salama? Nachora katuni mwaka wa tatu huu na kuna kitu kinanisumbua. Nikitaka Marekani naweka kofia ndefu yenye nyota na suruali ya mistari, basi, kila mtu kaelewa hata sijaandika neno. Nikiivua hiyo kofia anabaki mzee wa ndevu za mbuzi, anaweza kuwa babu wa yeyote. Sasa raia gani wa kule anavaa vile? Nani alizichagua hizo nguo na sisi wengine tunazirudia tu?

mzee_wa_wino:
Walizichagua wachoraji wenyewe mkuu, kidogo kidogo. Huyo mzee wako wa Marekani anaitwa Uncle Sam, na yule anayenyoosha kidole ni bango la James Montgomery Flagg la 1917 la kuita watu jeshini, ila Thomas Nast na wenzake walishamvisha tangu karne ya 19. John Bull wa Uingereza alitokea kwenye maandishi ya John Arbuthnot mwaka 1712, wachoraji wakaja kumnenepesha na kumpa kizibao kinachombana tumbo. Kuna mchoro wa James Gillray wa 1792 naupenda sana, Mfaransa kakonda nguo matambara matupu anatafuna vitunguu huku anasifia uhuru, pembeni Mwingereza kavimba kwa nyama analalamikia kodi. Ukiwabadilishia nguo tu hao wawili, mchoro wote umekufa.

binti_rangi:
Mi naona nguo inaamua pia nani anahesabika. Marianne, mwanamke anayechorwa kama taifa la Ufaransa, kavishwa kofia ya Phrygia, ile nyekundu ncha imelala mbele, alama ya mtumwa aliyeachwa huru, tangu enzi za mapinduzi yao. Wanawake wa Ufaransa haki ya kupiga kura wameipata 1944! Miaka yote hiyo taifa lina sura ya mwanamke na mwanamke mwenyewe kura hana. Hilo linaniuma kila nikimuona.

mzee_wa_wino:
Umegusa penyewe dada. Na mtazameni Michel wa Wajerumani, yeye kofia yake ni ya kulalia. Baada ya mapinduzi ya 1848 ilitoka katuni ya vichwa vitatu, mwanzo wa mwaka kofia inafanana na ya wanamapinduzi, mwisho wa mwaka imerudi kuwa ya usingizi kabisa, yaani mwaka mzima wa siasa unausoma kwenye kitambaa. Alafu kuna viongozi wanaolijua hili kabla ya mchoraji. Mobutu alipiga marufuku suti na tai, akaleta abakosti, yaani koti la kuvaa bila tai, yeye kichwani kofia ya chui. Mchoraji akichora ile kofia peke yake watu wanaona Zaire, nchi ya mamilioni imeishia kwenye kofia ya mtu mmoja.

kalamu_nyeusi:
Hapo kwenye nani anahesabika mmenigusa kweli, kwa sababu hata mi mwenyewe nina mchoro mezani sasa hivi, mwananchi nimemvisha viraka kama tunavyofanya wote, na mbele yake waziri wa suti. Walimu, mafundi, manesi wanaovaa wakapendeza sijawahi kuwachora kama mwananchi hata mara moja. Nimeshafuta kiraka cha goti, cha kiwiko bado kipo. Nikifuta na hicho mtamtambua?

binti_rangi:
Kifute. Mpige pasi shati, tutamjua kwa anavyomtazama huyo waziri.