Mdogo wangu ana ulemavu: abaki Pwani hapa Kilifi au ahamie Nairobi?

Kaka wa Maweni (Malindi)
Salaam aleikum. Mdogo wangu amepangiwa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, shahada ya ualimu. Ana ulemavu, na nyumbani tumegawanyika. Mama ataka abaki Kilifi, awe karibu. Mjomba yuko Nairobi, asema dirisha la kuhama vyuo la KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, likifunguliwa tumhamishie Chuo Kikuu cha Kenyatta, maana kule kuna kurugenzi nzima ya huduma za wanafunzi wenye ulemavu. Wengine wasema aache digrii, achukue diploma hapa hapa Malindi, alale nyumbani. Wapi ataangaliwa vizuri? Twataka tuamue kabla mwezi haujaisha.

Umu Swabra
Wa aleikum salaam kakangu. Ulemavu gani? Hilo hujatuambia. Kiziwi atataka mkalimani wa lugha ya ishara, mwenye kiti cha magurudumu atataka darasa la chini. Hawatafuti chuo cha namna moja.

Mwalimu Mstaafu
Naongeza maswali. Ana kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu? KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, aliifanyaje? Atafundisha masomo gani? Na yeye mwenyewe ataka wapi? Umemtaja mama, umemtaja mjomba, mwenye kusoma hujamtaja.

Kaka wa Maweni
Niwieni radhi. Ana ualbino, na macho ndiyo yanayomsumbua. Miwani anayo lakini haimalizi tatizo. Hata akikaa mstari wa mbele ubao hauoni, huupiga picha kwa simu kisha akayakuza maandishi, simu karibu iguse pua. KCSE alipewa karatasi ya maandishi makubwa na nusu saa ya ziada. Masomo ni Kiswahili na Historia. Kadi hana, tuliona haina haja kwa kuwa hali yake yaonekana. Yeye akiulizwa husema popote.

Baharia
Zeruzeru adui wake ni jua. Kilifi joto hilo atalimudu vipi? Mpelekeni Nairobi kwenye baridi.

Umu Swabra
Baharia, neno hilo liache. Ibara ya 54 ya Katiba yataka mtu mwenye ulemavu aitwe kwa namna isiyomdhalilisha. Na baridi ya Nairobi isikudanganye: mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi inavyozidi ukali. Hewa ya baridi yamfanya mtu asahau kofia, ngozi yaungua bila kuhisi.

Baharia
Nimekusikia dada, sikukusudia ubaya, ndilo neno tulilokulia nalo. Hilo la mionzi sikulijua.

Fundi wa Barani
Chuo chochote, mnunulieni kompyuta kwanza. Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na alama ya kujumlisha, kioo chote chakua. Na NVDA, programu ya kumsomea kwa sauti yaliyo kwenye kioo, ni bure kabisa, asiuziwe na mtu.

Mpwa wa Mtwapa
NVDA ni ya asiyeona. Huyu anaona, ataka kukuza tu.

Fundi wa Barani
Anaona saa mbili asubuhi. Baada ya kusoma kurasa 40 pua ikiwa kwenye karatasi, macho yamechoka na kichwa chauma. Hapo masikio yamsaidie. Nina wateja wawili wa namna hiyo, najua ninachosema.

Binti wa Langoni (Lamu)
Nimesoma yote, acha niseme yaliyonipata. Mimi pia nina uoni hafifu, tangu utotoni. Chuo sitakitaja.

Muhula wa kwanza niliandika barua, na ofisi ya mkuu wa wanafunzi ikanijibu vizuri: maandishi makubwa, dakika 30 za ziada, sahihi na muhuri. Nikaitia barua kwenye mfuko wa plastiki nikaona mambo yamekwisha. Siku ya mtihani wa takwimu naletewa karatasi ya kawaida. Namwonyesha msimamizi barua, asema hakuambiwa. Akampigia mkuu wa idara, naye akasema apigiwe mtu wa mitihani, na mtu wa mitihani yuko safarini. Mwishowe karani akatumwa akatoe kopi kwenye karatasi ya A3. Wenzangu wanageuza kurasa, mimi natazama mlango. Kopi ilifika baada ya dakika 50. Nayo imekuzwa hadi ikapita ukingo: jedwali la swali la pili, safu ya mwisho imekatika, nambari hazipo. Nauliza, naambiwa fanya swali jingine. Dakika zangu 30 wakazihesabu tangu mtihani ulipoanza, kwa hiyo niliandika kwa dakika 20 pungufu kuliko mwenye macho mazima. Nilifeli. Nikaurudia mwaka uliofuata.

Tangu hapo nilifanya hivi. Barua natoa kopi: idara, ofisi ya mitihani, na kila mhadhiri wa muhula ule. Kila anayepokea anatia sahihi na tarehe kwenye kopi yangu. Wiki mbili kabla ya mtihani nazunguka tena. Na naomba karatasi ichapishwe upya kutoka kwenye kompyuta kwa herufi za ukubwa wa 24, isikuzwe kwa mashine ya kopi. Sikupata shida tena isipokuwa mara moja.

Kwa hiyo kakangu, mkienda Kilifi au Nairobi, kuwepo kwa ofisi kusiwatoshe. Ulizeni ni nani anayeitoa karatasi ofisini mpaka ikafika chumba cha mtihani.

Mjomba wa Thika Road
Pole sana binti. Lakini hayo yanathibitisha aende kwenye kurugenzi kubwa, wenye uzoefu.

Binti wa Langoni
Huenda, mjomba. Chuo changu nacho kilikuwa kikubwa.

Mwalimu Mstaafu
Kaka wa Maweni, rudi kwenye kadi. Hali yake yaonekana kwako, lakini chuo chataka karatasi. Aende hospitali ya serikali yenye kamati ya tathmini, apate ripoti ya daktari, kisha usajili wa Baraza. Ripoti hiyo ndiyo ataiambatisha kwenye barua ya chuo, na usajili huo ndio utakaomwezesha kuomba msaada wa karo wa Baraza. Na msidhani haki alizopewa na KNEC, baraza la mitihani, kwenye KCSE zitamfuata chuoni zenyewe. Kule aombe upya, kwa maandishi.

Sheria iko upande wake. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 kilikataza chuo kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu peke yake, na kikataka mitihani na ratiba zizingatie hali yake. Sasa kuna sheria mpya ya 2025 iliyochukua nafasi yake. Ataje sheria kwenye barua, kwa heshima. Diploma ya Malindi mimi siikubali. Kama alama za digrii amezipata, asishushwe kwa ajili ya macho.

Mama wa Mkomani (Lamu)
Mwanangu yuatembelea kiti cha magurudumu. Kutoka kwetu hadi gatini ni vichochoro, ngazi na punda, na kwenye boti ya Mokowe hubebwa mzegamzega na wanaume wanne, kiti chafuata nyuma. Hajafika chuo, ashachoka. Nani amefaulu kupata chumba cha hosteli cha chini kabla ya kuripoti?

Umu Swabra
Mama, fungua mada yako, jambo hili lataka nafasi yake. Ila aandike mapema, barua ifike kabla vyumba havijagawanywa.

Baharia
Na yale mafuta ya kuzuia jua, ni kweli Baraza hutoa bure?

Mwalimu Mstaafu
Kweli, kwa waliosajiliwa, kupitia hospitali za serikali. Sababu nyingine ya kadi.

Mdogo wa Maweni
Shikamooni. Mimi ndiye mdogo mwenyewe, kaka amenipa simu nisome. Nilikuwa nasema popote kwa sababu kila mtu nyumbani alikuwa na jibu lake. Hosteli siiogopi, wala jua. Naogopa kumfuata mhadhiri mbele ya darasa la watu 200 nimwambie sioni. Dada wa Langoni, zile kopi ulikuwa ukiwapa darasani au ofisini?

Binti wa Langoni
Marahaba mdogo wangu. Ofisini, daima. Mbele ya watu atakuitikia haraka kisha asahau. Nenda saa anazopokea wanafunzi, keti, mwonyeshe simu yako jinsi unavyousoma ubao, na umwombe slaidi kabla ya kipindi. Kwa mhadhiri wa kwanza nilitetemeka mpaka barua ikaanguka.

Kaka wa Maweni
Jumatano twaenda Kilifi mimi na yeye, tuonane na ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Mjomba asubiri kwanza. Tathmini ya macho, tuanzie hapa Malindi au tumalizie kule kule?

Mpwa wa Mtwapa
Anzieni Malindi, mkapigie simu kwanza mjue siku kamati inapokaa. Si kila siku.